Upepo Wetu Hauna Kihenge

(Maneno haya yalisemwa mjini Singida mbele ya mkutano wa wakulima wa alizeti, wakamuaji wa mafuta na vijana. Tunayachapa kama yalivyosemwa.)



Kijana akisimama mbele ya wazee hana budi kwanza kusema ametumwa na nani. Sisi hatukutumwa na muuza betri, wala na kampuni ya mitambo ya upepo. Tumeletwa hapa na swali. Katika ziara yetu ya vijijini tulisimama mahali tukasifu sana upepo wa Singida, tukasema upepo huu ni mali, na mzee mmoja akatusikiliza kwa subira mpaka tulipomaliza. Kisha akasema: "Wanangu, upepo huu nimeuona tangu kuzaliwa kwangu. Niambieni, mtautia katika debe gani?" Watu walicheka, nasi tukacheka pamoja nao, lakini njiani kurudi tulinyamaza kimya, maana tulijua ya kuwa hatukuwa na jibu. Basi tulikwenda kusoma, tukawauliza mafundi, na leo tumerudi kujibu.

Mzee yule aliuliza jambo lenyewe hasa. Mtama ukivunwa mwezi wa sita, mama anautia kihengeni na kuula mwezi wa pili. Umeme hauna subira hiyo. Saa ile ile unapozalishwa, papo hapo lazima pawe na mtu wa kuutumia, na ukipungua au ukizidi hata kidogo, mitambo yote ya nchi inatikisika. Ndiyo maana hitilafu ya mahali pamoja yaweza kuzima taa za nchi nzima, kama tulivyoona sote tarehe 1 Aprili 2024. Sasa jua linazama saa kumi na mbili jioni, wakati ule ule watu wanaporudi nyumbani na kuwasha taa. Nao upepo huvuma upendavyo. Mtu akijenga mitambo ya jua na upepo bila mahali pa kuweka akiba, ni sawa na mkulima anayelima ekari mia bila ghala.

Kumbukeni yaliyotupata miezi ile. Kuanzia Septemba 2023 tulikuwa na mgao. Umeme uliokosekana ulifika mamia ya megawati, na hapa kwetu mashine za kukamua alizeti zilisimama mchana, magunia yamejaa stoo, wateja wanangoja na madumu yao. Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere, huko Rufiji, ukaanza kazi, wenye megawati 235 peke yake. Mvua nazo zikanyesha kwa wingi. Na mwezi uliofuata, Machi, tukasikia vituo vitano vya maji vimezimwa kwa muda kwa sababu umeme umezidi! Katika nusu mwaka nchi moja ilikuwa na njaa ya umeme, kisha ikashiba mpaka ikabakiza. Leo mitambo yote tisa ya Rufiji imekwisha kufungwa, jumla megawati 2,115, na hakuna Mtanzania asiyeona fahari kwa jambo hilo. Sisi tunaona fahari pia. Lakini fahari isitufumbe macho. Machi 2025 Serikali ilieleza nia ya kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, kwa kuwa kuusafirisha kutoka kusini kunapoteza mwingi njiani. Watu wengi walikasirika. Sisi tunasema, kabla ya kukasirika tuelewe: umeme kuwa mwingi ni jambo moja, na kuwa nao mahali unapotakiwa kwa saa unayoutaka ni jambo lingine.

Sasa tuje kwenye kihenge. Wengi wenu mkisikia maneno haya ya kuhifadhi umeme mnafikiri betri tu. Hapana. Nchi yetu ilijenga kihenge cha umeme zaidi ya miaka arobaini iliyopita, na wengi mmepita juu ya ukuta wake mkienda Iringa kutoka Dodoma. Jina lake ni Mtera.

Mtu wa Singida ana haki ya kuijua habari hii, maana Mto Kizigo, upitao upande wa Manyoni, unamwaga maji yake katika bwawa hilo. Kituo cha Kidatu, chini zaidi katika Mto Ruaha Mkuu, kilianza kutoa umeme mwaka 1975. Mvua ikinyesha maji yalikuwa mengi, kiangazi yakipungua mitambo ikalegea. Hivyo Mtera ikajengwa juu yake, mwanzoni si kwa kuzalisha umeme, bali kwa kuweka maji: yachukuliwe masika, yafunguliwe kidogo kidogo kiangazi. Mitambo ya Mtera yenyewe, megawati 80, ilikuja baadaye, mwaka 1988. Bwawa likijaa maji hufika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na yakishuka hadi mita 690 kihenge kimekwisha. Kati ya vipimo hivyo viwili, mita nane na nusu tu, ndimo ilimokaa akiba ya nchi hii kwa miaka mingi. Mzee, debe uliloliuliza, moja ni hilo.

Hebu tufanye hesabu kidogo, maana sisi tulisomea ualimu na hatuwezi kujizuia. Mita moja ya ujazo wa maji, yaani tani moja, mapipa matano makubwa, ikianguka kimo cha mita 100 kupitia mtambo mzuri, yatoa takriban robo ya uniti moja ya umeme. Ile uniti mnayoinunua kwa LUKU. Tani nne za maji zianguke mita 100 ndipo mpate uniti moja! Tazameni jinsi maji yanavyotakiwa kwa wingi, nanyi mtafahamu kwa nini mvua ikikosekana Usangu na Mbarali taa zinazimika Singida. Mto Ruaha Mkuu wenyewe, uliokuwa ukitiririka mwaka mzima, tangu mwaka 1993 umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya hifadhi, kwa sababu maji yanachukuliwa juu kwa mashamba ya mpunga na kwa mambo mengine. Mgao wa miaka ya 1990, wa 2006, wa 2011, tuliuona. Na mwenye njaa hanunui kwa bei yake. Mwaka 2006 ukame ulilazimisha nchi kutafuta umeme wa dharura kwa haraka, ndipo likatokea jambo la Richmond, lililomfikisha Waziri Mkuu kujiuzulu Februari 2008. Hatusemi ukame ulileta makosa yale. Tunasema ghala tupu ni mlango ulio wazi.

Na sasa upepo wetu. Hapa karibu, Kititimo, upepo ulipimwa kwa muda mrefu kwa vyombo vilivyowekwa juu ya mlingoti wa mita 30, ukaonekana wastani wake ni kati ya mita 9 na 10 kwa sekunde. Wenye ujuzi wanatuambia mita 6 au 7 zinatosha kumfanya mtu alete mitambo. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 ilitangazwa miradi miwili mikubwa hapa Singida, mmoja wa megawati 50 na mwingine wa megawati 100. Mikutano ikafanyika, picha zikapigwa, na miaka zaidi ya kumi ikapita bila mlingoti hata mmoja wa kuzalisha umeme kusimama. Wenzetu wa Mufindi, walio na mradi mdogo wa megawati 2.4 pale Mwenga, walituwahi mwaka 2020. Tunawapongeza, ijapokuwa inauma kidogo.

Lakini sikilizeni jambo hili, maana ndilo tulilotaka hasa kulisema leo. Upepo wa Singida huvuma kwa nguvu lini? Ninyi ndio mnaojua kuliko sisi. Ni kiangazi: mwezi wa sita, wa saba, wa nane, mpaka wa kumi, wakati vumbi linapanda na mabati yanapiga kelele usiku kucha. Na maji ya Mtera hupungua lini? Miezi ile ile. Mwenyezi Mungu ametupa vitu viwili vinavyopokezana zamu, nasi tumekuwa tukikitumia kimoja tu! Siku ambayo upepo unavuma, mitambo ya maji yaweza kupunguzwa, maji yakae bwawani. Upepo ukitulia, maji yafunguliwe. Upepo wenyewe hatukuutia debeni, ni kweli, lakini tumeyaacha maji debeni kwa ajili yake, na mwisho wake ni mmoja. Mitambo ya upepo ya megawati 100, ikifanya kazi kwa wastani wa theluthi tu ya nguvu yake, kwa siku moja yatoa uniti 800,000. Kwa hesabu yetu ya kimo cha mita 100, hayo ni zaidi ya mita za ujazo milioni 3 za maji ambayo hayakuhitaji kufunguliwa siku ile. Zidisha kwa miezi mitano ya kiangazi, uone.

Na waya upo. Njia kubwa ya umeme itokayo Iringa kupitia Dodoma hadi Shinyanga, yenye urefu wa kilomita 670, inapita hapa Singida. Mwishoni mwa 2024 njia nyingine ya kilovolti 400, zaidi ya kilomita 500 kutoka Isinya nchini Kenya, ilikamilika, nayo mwisho wake ni hapa hapa Singida. Wakati fulani watu walitucheka kuwa mkoa wetu ni mahali pa kupitia tu, mtu anashuka basini kununua kuku na kuendelea na safari. Leo umeme wa nchi mbili unakutana kwetu. Mahali ambapo njia mbili zinakutana ndipo mfanyabiashara hujenga ghala. Kila aliyewahi kufika mnadani anajua.

Upande wa Kenya kuna funzo jingine. Karibu na Ziwa Turkana wenzetu walisimamisha mitambo ya upepo 365, megawati 310. Mitambo ilikuwa tayari mwaka 2017, waya haukuwa tayari mpaka 2018, na muda ule wote fidia ilikuwa ikihesabiwa. Hilo ni kosa la kwanza, na sisi tumelikwepa kwa kuwa waya umetangulia. La pili ni hili: Turkana upepo hupanda usiku, watu wamelala, na mvuke wa ardhini wa Olkaria haupendi kuzimwa na kuwashwa. Basi mitambo ya upepo ikaamriwa kupunguza kazi. Upepo unavuma, mitambo imesimama, na hakuna pa kuuweka. Ndugu zetu wa Kenya sasa wanazungumza habari ya betri kubwa, wala hawazungumzi kwa kupenda mtindo mpya.

Tuseme basi juu ya betri, tusije tukaonekana tunaziogopa. Betri ni ya zamani kuliko babu zetu. Ile ya risasi na tindikali, iliyomo katika magari, aliivumbua Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Kilichobadilika ni bei. Mwaka 2010 betri za lithiamu za kuhifadhi uniti moja zilikuwa na bei ya zaidi ya dola 1,000. Mwaka 2024 wastani wa dunia ulikuwa dola 115. Hakuna bidhaa hapa sokoni iliyoshuka hivyo, na kwa sababu hiyo mataifa yamekimbilia. Huko Australia ya Kusini jimbo zima lilizimika Septemba 2016 kwa dhoruba. Tajiri mmoja, Elon Musk, akasema atajenga betri ya megawati 100 katika siku 100, la sivyo hataki malipo. Desemba 2017 ilikuwa inafanya kazi. Jimbo la California, Marekani, lina jua tele mchana na giza jioni kama sisi. Jioni moja ya Aprili 2024 betri zilitoa umeme mwingi kuliko chanzo kingine chochote katika gridi yao. Novemba 2024, katika mkutano wa Baku, mataifa mengi yaliahidi kwamba ifikapo 2030 dunia iwe na hifadhi ya megawati milioni moja na nusu, mara sita ya ile ya 2022. Uchina imekwenda mbele zaidi: ina betri, na pia ina kituo cha Fengning cha megawati 3,600, ambacho umeme ukizidi kinapandisha maji kutoka bwawa la chini hadi la juu, na ukipungua kinayaangusha tena. Afrika Kusini wanacho kama hicho pale Ingula, megawati 1,332.

Msiseme hayo ni mambo ya matajiri. Malawi si tajiri kuliko sisi. Pale Golomoti, wilaya ya Dedza, tangu 2022 kuna mitambo ya jua ya megawati 20, na kando yake betri ya megawati 5 inayoweza kutoa nguvu hiyo kwa saa mbili. Mwaka ule ule, Januari, kimbunga Ana kilibomoa kituo cha maji cha Kapichira, na nchi ikapoteza takriban theluthi ya umeme wake kwa siku moja. Waliona kwa macho yao hasara ya kuweka mayai mengi mno katika kikapu cha mto mmoja. Sisi tumeweka megawati 2,115 katika Rufiji. Tunalisema kwa upole, lakini tunalisema.

Hata hivyo tusidanganyane. Betri ya saa mbili au nne inavusha jioni. Haivushi kiangazi. Betri ni mfuko wa shati, bwawa ndilo kihenge. Mtu akija hapa kuwaambia kwamba betri zitaondoa haja ya kulinda maji ya Usangu na misitu ya vyanzo, muulizeni amesoma wapi. Tunahitaji vyote viwili: mfuko wa kutoa senti haraka na ghala la kutuvusha mwaka.

Na hapa panauma, ndugu wananchi. Hizo betri zinatengenezwa na nini? Upande mmoja wa betri ya lithiamu ni madini ya kinywe, yale meusi ya penseli, nayo yapo Mahenge na Lindi kwa wingi. Aina nyingine zataka nikeli, nayo ipo Kabanga, wilaya ya Ngara, moja ya hazina kubwa za nikeli ambazo dunia haijaanza kuzichimba. Kobalti yatoka Kongo, kwa ndugu zetu wa Kolwezi, ambao wengi wao hawana taa nyumbani. Mawe yanatoka kwa tani, yanarudi kwa katoni. Zamani ilikuwa pamba kwenda na shati kurudi, na wazee hapa wanajua shati lile lilikuwa na bei gani. Sisi tungependa kuona Watanzania wakisafisha kinywe chao hapa hapa, na tunajua si kazi ya siku moja: inataka umeme usiokatika, na umeme usiokatika unataka akiba. Ni kama jembe na chakula. Huwezi kulima bila kula wala kula bila kulima. Mahali pa kuanzia ni pale ulipo.

Basi tulipo ni wapi? Tuanze na kisa kilichotuaibisha. Kuna zahanati moja katika mkoa huu, hatutaitaja, wala mfanyabiashara hatutamtaja. Wanakijiji walichanga wakanunua sola na betri nne kwa ajili ya taa za chumba cha kujifungulia na jokofu la chanjo. Sisi wenyewe tulikuwapo siku ya kuwasha, tukapiga makofi, mmoja wetu akatoa hotuba ndefu kuliko hii. Mwaka haukwisha vizuri betri zikafa. Mama akajifungua kwa mwanga wa simu. Tulipomwita fundi akatuonyesha: zilikuwa betri za gari. Betri ya gari imeundwa kuamsha injini kwa nguvu ya dakika moja, kisha ijazwe mara moja. Ukiikamua mpaka chini kila usiku unaiua. Hata zile za risasi zilizoundwa kwa sola hazitaki kushushwa chini ya nusu. Zile za lithiamu za aina ya fosfati ya chuma zinavumilia maelfu ya kujazwa na kukamuliwa, ndiyo maana ni ghali kununua na rahisi kukaa nazo. Hakuna aliyetuambia hayo, na sisi hatukuuliza. Kupiga makofi kabla ya kuuliza ni kosa letu, na wale mama walilipa.

Kwa hiyo, juu ya chama cha ushirika kununua betri kwa ajili ya mashine za alizeti, kama ilivyopendekezwa hapa kikao kilichopita, sisi tunasema hapana. Najua wengine hamtapenda. Fuateni hesabu. Mashine ya kilowati 15, ikifanya kazi saa tatu, yatumia uniti 45. Kwa bei ile ya dola 115, betri peke yake ni zaidi ya dola 5,000, na hiyo ni bei ya kiwandani, kabla ya meli, ushuru, inveta, na fundi. Mwishoni yaweza kuwa maradufu au zaidi. Kwa mashine moja! Na kwa nini? Mbegu ya alizeti ndani ya gunia haiozi kesho. Mafuta yakikamuliwa yanakaa katika pipa. Gunia ni ghala na pipa ni ghala, tayari mnazo, zimelipiwa. Mnachohitaji ni kukamua kwa wingi saa ambazo umeme upo na kujua mapema saa utakazokatwa, yaani ratiba ya kweli iliyobandikwa ukutani na kufuatwa. Hilo tunaweza kulidai bila kutoa shilingi.

Vilevile maji ya kisima. Mahali pengine hapa mkoani watu wanafikiria pampu ya sola yenye betri. Ya nini betri? Jua likiwaka pampu ipandishe maji katika tangi juu ya mnara, na usiku yashuke yenyewe kwa bomba. Tangi lile ndilo betri, na mtoto wa shule aweza kulitengeneza koki yake.

Betri tuzipeleke mahali ambapo hakuna gunia wala pipa wala tangi: jokofu la chanjo, chumba cha kujifungulia, bweni la wasichana wanaosoma usiku. Pale umeme hauwezi kungoja. Zahanati ile ipate betri za kweli, zenye karatasi ya dhamana ya miaka, na jina la fundi atakayerudi. Fedha iliyotajwa kwa mashine moja ingeweza kununua za zahanati zaidi ya moja, na hapo tungeomba ushirika ufikiri upya.

Jambo la mwisho ni ardhi. Habari za mitambo ya upepo zitarudi, kwa kuwa upepo haukuhama na waya umekuja. Watakuja watu na ramani. Msiwafukuze, wala msitie sahihi siku ile ile. Waulizeni fidia, naam, na njia ya ng'ombe, na kama mtaruhusiwa kulima chini ya milingoti, kwa kuwa mlingoti wenyewe unachukua nafasi ndogo. Lakini waulizeni pia swali la mzee: saa nane za usiku upepo ukivuma na nchi imelala, umeme huu mtautia katika debe gani? Kama wana betri, ya saa ngapi? Kama wanategemea maji ya Mtera na Rufiji yazuiliwe, nani ameandika makubaliano hayo na wasimamizi wa gridi? Na kama mitambo itaamriwa isimame, nani atalipa: kampuni, Taifa, au mwenye LUKU? Asiyeweza kuyajibu hayo hajawa tayari kusimamisha mlingoti, hata kama ramani yake ina rangi nzuri.

Sasa kazi. Wenye mashine za kukamua tunaomba waje Jumamosi ijayo asubuhi wakiwa na karatasi zao za LUKU za miezi mitatu, na pia daftari ya siku na saa ambazo umeme ulikatika. Asiye na daftari aanze leo jioni. Kalamu na mstari vinatosha. Tutaziweka pamoja, tufanye jedwali moja, na jedwali hilo ndilo tutakalolipeleka kwa wahusika tukidai ratiba. Kuhusu zahanati, wanakamati watano wachaguliwe hapa kabla hatujaondoka, na tunapendekeza watatu wawe wanawake, maana wao ndio waliokaa gizani.

Mzee wetu wa debe yupo, ameketi pale mstari wa mbele. Amenyoosha mkono tangu tulipotaja Mtera, nasi tumejifanya hatumwoni. Karibu, mzee, uliza.